Je, nyota njema huonekana asubuhi?

Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni



Wiki iliyopita, yapata saa nne usiku, nilikuwa nimekwisha kuzima taa simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu wa kike, anayeishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri na ndiyo kwanza ametoka kazini. Tukasalimiana, tukaulizana hali ya mama, kisha akanyamaza kidogo. Halafu akasema: "Kaka, nina jambo. Huyu mpwa wako amejifungia chumbani tangu jana, chakula hataki. Wametoa nyota, na yeye wamempa mbili tu."

Nikamwuliza tangu lini wameanza kwenda kwa wapiga ramli. Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyechoka. Akanieleza kwamba kule Marekani vijana wa sekondari wanaocheza futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, hupangwa kwa nyota kabla hawajaingia chuo kikuu. Mwenye nyota nyingi hutafutwa na vyuo vikubwa. Mwenye nyota chache hujitafutia. "Wewe ni mtu wa habari," akaniambia. "Hebu nitazamie. Hizi nyota zinasema kweli? Kama zinasema kweli, aache mpira atafute kazi ya Jumamosi, nami nijue moja."

Nikamwomba wiki moja. Nimesoma, nimehesabu, na haya ninayoyasema leo ndiyo majibu niliyompelekea. Nimeona niyalete na kwenu, kwa sababu jambo hili la kumpima kijana asubuhi na kutabiri jioni yake si la Wamarekani peke yao.

Kwanza tuelewane kuhusu nafasi anayocheza mpwa wangu. Wenyewe huita lainibeka. Katika timu inayolinda, mbele kabisa hukaa majitu makubwa yanayosukumana kifua kwa kifua. Nyuma kabisa hukaa wakimbiaji wepesi wanaozuia pasi ndefu. Katikati ya makundi hayo mawili ndipo anaposimama lainibeka. Mpinzani akija na mpira mkononi, ni kazi yake kumwangusha. Kwotabeki, yaani yule anayegawa mpira, akitaka kurusha, lainibeka hurudi nyuma kukaba, au humkimbilia kwotabeki huyo kabla mkono haujanyanyuka. Yote hayo huamuliwa kwa sekunde mbili tatu. Sisi tuliozoea soka tumfikirie kiungo mkabaji, namba 6, ambaye asipousoma mchezo mapema, timu nzima imekwisha.

Sasa hizo nyota. Zilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 intaneti ilipoanza kushika kasi, na kampuni kama Rivals zikapata wateja miongoni mwa mashabiki. Leo wapo pia 247Sports, ESPN na wengineo. Watu wao hutazama picha za mechi na huhudhuria makambi ambako vijana hupimwa urefu, uzito na mbio za yadi 40. Kisha hutoa nyota, kwa kawaida kuanzia mbili hadi tano. Wenye nyota tano ni thelathini na kitu tu kwa mwaka, nchi nzima, nafasi zote za uwanjani. Mpangaji mmoja, 247Sports, hulenga vijana 32, sawa na idadi ya nafasi za raundi ya kwanza pale timu za ligi ya kulipwa, NFL, zinapochagua wachezaji wapya. Wenye nyota tatu hupita elfu moja.

Msiseme huu ni mchezo wa watoto. Kwa miaka mingi, hadi msimu wa 2024, chuo kikubwa kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 tu wenye udhamini kamili. Udhamini huo ni karo, malazi na chakula kwa miaka kadhaa, mzigo ambao mfanyakazi wa kima cha chini hawezi kuubeba. Na tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Kwa hiyo nyota siku hizi ni karo, na ni mshahara vilevile.

Hapo ndipo nilipokuta mabishano makali. Wapo wanaoapa kwamba nyota hazidanganyi. Hao huvitaja vyuo vinavyokusanya vijana wa nyota nne na tano mwaka baada ya mwaka: Alabama, bingwa wa msimu wa 2020, Georgia, bingwa wa misimu ya 2021 na 2022, Ohio State, bingwa wa msimu wa 2024. Wanauliza, kama nyota ni upuuzi, mbona vikombe vinakwenda kule ziliko?

Wapo na wanaozicheka. Hao humtaja Luke Kuechly, kijana wa Cincinnati, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka kwa mdogo wangu. Wapangaji walimpa nyota tatu. Akaenda Boston College, na katika misimu mitatu akaandikiwa kuwaangusha wapinzani mara 532, kati ya hizo mara 191 katika msimu wa 2011 peke yake. Mwaka 2012 Carolina Panthers walimchagua akiwa wa 9 nchi nzima, na mwaka 2013 akatangazwa mlinzi bora wa ligi yote ya NFL. Humtaja pia Bobby Wagner, ambaye alipomaliza sekondari chuo kimoja tu, Utah State, ndicho kilichompa udhamini. Februari 2014 alikuwa katikati ya ulinzi wa Seattle walipotwaa ubingwa. Na humtaja Leighton Vander Esch, mtoto wa Riggins, kijiji cha Idaho chenye watu mia chache, ambako shule ni ndogo kiasi kwamba timu ilikuwa na wachezaji wanane uwanjani badala ya 11. Huyu alikwenda Boise State bila udhamini, akaomba tu kufanya mazoezi. Mwaka 2018 Dallas Cowboys walimchagua akiwa wa 19.

Nani mkweli? Nilichukua karatasi nikahesabu mwenyewe. Ipo tuzo ya lainibeka bora wa vyuo vikuu, iliyoanza mwaka 1985 na kupewa jina la Dick Butkus, gwiji wa Chicago Bears aliyefariki mwaka 2023. Nikachukua washindi 12, wa kuanzia 2011 hadi 2022, nikatazama kila mmoja alitoka sekondari na nyota ngapi.

Wanne walikuwa vijana wa nyota tano: Manti Te'o, Jaylon Smith, Reuben Foster na Nakobe Dean. Wanne walikuwa wa nyota tatu: Kuechly, Isaiah Simmons, Jeremiah Owusu-Koramoah na Jack Campbell. Wanne waliobaki, wengi wao walikuwa wa nyota nne. Wa nyota mbili sikumwona, na hilo sikumficha mdogo wangu.

Mtu wa haraka ataona wanne kwa wanne, aseme basi nyota hazina maana, ngoma ni droo. La hasha. Hapa ndipo penye mtego, na naomba tuende polepole.

Malainibeka wa nyota tano kwa mwaka mmoja mara nyingi huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa nyota tatu ni umati. Kama kikundi cha watu watatu wanne kimetoa washindi wanne, na umati mzima nao umetoa wanne, basi mtu mmoja wa kile kikundi kidogo alikuwa na bahati kubwa mara nyingi zaidi kuliko mtu mmoja wa umati. Nyota zingekuwa upuuzi mtupu, ni ajabu kama angepatikana hata mmoja wa nyota tano katika washindi 12. Kwa hiyo wanaoapa kwa nyota wana haki yao.

Lakini wanaozicheka nao wana yao. Ukisimama mwisho wa safari ukatazama nani amefika, unakuta waliotoka kwenye umati ni wengi kama waliotoka kwenye kikundi cha wateule. Kwa nini? Kwa sababu umati ni mkubwa. Katika watu mia waliodharauliwa daima atakuwamo mmoja aliyedharauliwa kwa makosa. Nyota zinasema kweli kuhusu mafungu, na zinaweza kukosea kabisa kuhusu mtu. Kocha anayechagua vijana 25 ana haki ya kuzitegemea, maana akikosea watatu, bado wamo wa kumtosha. Mama mwenye mtoto mmoja hana fungu. Ana huyo huyo.

Nikaendelea kutazama washindi wale wanane walikwenda wapi baada ya chuo, nikashangaa. Katika wale wanne wa nyota tano, aliyechaguliwa raundi ya kwanza ya NFL ni Foster peke yake, naye akiwa wa 31. Te'o alichaguliwa wa 38, Smith wa 34, na Dean wa 83. Katika wale wa nyota tatu, watatu walikwenda raundi ya kwanza: Simmons wa 8, Kuechly wa 9, Campbell wa 18. Owusu-Koramoah akawa wa 52.

Msinielewe vibaya. Jaylon Smith hakushuka kwa kukosa kipaji. Tarehe 1 Januari 2016, katika mechi yake ya mwisho chuoni, goti lake liliumia vibaya, na timu nyingi zikaogopa kumgusa. Hakuna mpangaji wa nyota anayeweza kuliona goti la miaka mitatu ijayo. Na Simmons, aliyetukuka hadi nafasi ya 8 mwaka 2020, kufikia 2023 Arizona walimwachia aende New York Giants kwa malipo ya haki ya kuchagua mchezaji wa raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Maana yake, hata timu za kulipwa, zenye madaktari, mashine na picha za kila mechi aliyocheza mtu chuoni, bado hukosea. Sembuse anayemtazama mtoto wa miaka 16!

Lakini kwa nini lainibeka hasa ni mgumu kutabirika? Nimeona sababu tatu.

Ya kwanza ni mwili. Nafasi hii inataka mtu mzito wa kutosha kugongana na majitu ya mbele, na mwepesi wa kutosha kumkimbiza mkimbiaji. Kijana wa miaka 16 hajamaliza kukua. Leo ni mwembamba, miaka miwili baadaye mlango haumtoshi. Au leo ni mkubwa kuliko wenzake, kumbe amewahi tu kukua na amefika mwisho.

Ya pili ni kwamba wengi wanaokuja kung'ara katika nafasi hii hawakuicheza walipokuwa wakipewa nyota. Devin White, mshindi wa tuzo hiyo mwaka 2018, sekondari alijulikana kwa kukimbia na mpira. Micah Parsons alipewa nyota tano akiwa mlinzi wa pembeni, mstari wa mbele. Penn State ndiko walikomfanya lainibeka. Mpangaji alimwona mtu barabara, ila hakujua kazi atakayoifanya.

Ya tatu ndiyo kubwa: jicho na akili. Kuechly alijulikana kwa kusoma namna wapinzani walivyojipanga, akawaelekeza wenzake mpira unakokwenda kabla haujaanza kuchezwa. Anayejua mapema hatua mbili hahitaji kuwa wa kwanza katika mbio za yadi 40. Lakini saa ya kocha hupima yadi 40. Haipimi kujua mapema.

Ndugu msikilizaji, nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu nilijikumbuka mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha redio ambacho sitakitaja, niliwahi kukaa kwenye jopo la kuwajaribu vijana walioomba kazi ya utangazaji. Kila mmoja alipewa dakika tano na ukurasa wa habari asome. Akaingia kijana mmoja mwenye sauti nyembamba, ya puani. Sikumaliza hata kumsikiliza. Nilimwandikia alama ya chini, nikaita mwingine. Tukamchukua mwenye sauti nzito, ya kupendeza. Yule mwenye sauti nzito hakukaa mwaka. Habari hakuwa akizijua, alijua kuzisoma tu. Yule wa sauti nyembamba alipata nafasi kwingine, na leo akiwa mitaani na kinasa sauti chake, akamwuliza mama muuza samaki maswali mawili, mimi huacha kula nikasikiliza.

Sikuwa na nia mbaya. Nilipima kilichopimika kwa urahisi, kisha nikajiaminisha kwamba nimepima kinachotakiwa. Sauti ndiyo ilikuwa yadi 40 yangu.

Liko jambo jingine ambalo lazima lisemwe. Nyota hujizalia nyingine. Kijana akionwa na chuo kikubwa, mpangaji humwongeza nyota, akisema kama wale wanamtaka basi anafaa. Vyuo vingine vikiona nyota imeongezeka, navyo humkimbilia. Akifika chuoni, mwenye nyota tano akikosea mara tatu huambiwa bado anajifunza. Mwenye nyota mbili akikosea mara moja hurudishwa benchi. Mwisho tunasema, mnaona, nyota zilisema kweli! Sehemu ya ukweli huo tumeutengeneza wenyewe. Na kuonwa kunataka nauli ya kwenda makambini na shule ambayo wasaka vipaji huipitia. Mtoto wa Texas au Florida yuko njiani kwao. Mtoto wa Riggins hayuko, wala mtoto wa mama anayefanya kazi zamu mbili.

Basi nikampigia simu mdogo wangu. Nilimwambia hivi, na naomba mniambie kama nilikosea.

Nilimwambia: kwanza usimdanganye mtoto. Nyota mbili maana yake njia yake ni nyembamba. Wengi wa walio kama yeye hawatacheza chuo kikubwa, na wanaofika kucheza kwa kulipwa ni wachache mno hata miongoni mwa wenye nyota tano. Usimtajie Bobby Wagner kana kwamba ni jambo la kila siku. Tunamjua Wagner kwa sababu alifika. Maelfu ambao hawakufika hakuna anayewataja redioni.

Pili, usimwachishe. Nyota ni maoni ya watu waliomtazama kidogo, wakiwa mbali, na akiwa bado anakua. Vyuo si vile vikubwa tu. Viko vya ngazi ya pili vinavyotoa udhamini wa sehemu, na viko vya ngazi ya tatu ambavyo havitoi udhamini wa mpira lakini hutoa misaada mingine ya karo kwa mwenye alama nzuri darasani. Na siku hizi mchezaji akifanya vizuri katika chuo kidogo, anaweza kuhamia kikubwa kwa urahisi kuliko zamani. Huko hawamwulizi alikuwa na nyota ngapi sekondari. Hutazama picha za mechi alizocheza. Yaani mtihani unarudiwa, na safari hii anapimwa kwa kazi yenyewe.

Tatu, vitabu. Hapo sikubembeleza. Goti halitabiriki, lakini cheti hakiteguki.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Kaka, mwambie mwenyewe." Akampa simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

Nikamwuliza, katika mechi yake ya mwisho ni mara ngapi alijua mpira unakwenda wapi kabla haujaenda. Kijana akafikiri. Hakunijibu haraka kama anayejisifu. Akasema, "Mara nne, mjomba. Mara mbili nilikosea." Nikamwambia basi anunue daftari, na kila mechi aandike: nilijua mara ngapi, nilikosea mara ngapi, na kwa nini. Hesabu hiyo hakuna kambi inayoipima, na hakuna mpangaji anayeweza kumfanyia. Baada ya msimu mmoja atajijua vizuri kuliko wanavyomjua wao, na pengine atakachokiona katika daftari lake kitakuwa hakimpendezi. Lakini kitakuwa cha kweli, na kitakuwa chake.

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Sithubutu kuwapinga, maana hesabu yangu mwenyewe imeonyesha kwamba nyingi huonekana kweli. Ninachosema ni kwamba zipo zinazochelewa kuchomoza, na zipo ambazo zilikuwapo tangu alfajiri ila sisi tulikuwa tumezipa kisogo. Ukinunua nazi sokoni unaigonga na kuitikisa, na mwenye uzoefu hapatwi na koroma mara nyingi. Lakini hata huyo mwenye uzoefu hajui kilichomo mpaka siku ya kuivunja.

Wewe mwalimu unayejaza ripoti za mwisho wa muhula, wewe meneja unayepitia barua za maombi ya kazi, wewe mzazi unayelinganisha watoto wako mezani: endelea kupima, kwa sababu bila kupima hatuwezi kuchagua. Ila andika alama zako kwa penseli.

Kwaherini, hadi Jumapili ijayo.